Nafugiwa na Kuku

Kitale,
Jumatano, 9 Julai 2025

Kwa Mwalimu wangu Dinah,

Mbogo anapitia Chwele kesho na gari lake kuchukua vitunguu, atakuletea barua hii, kwa hivyo nimekaa kuandika kabla hajabadili nia. Natumaini mguu unakuruhusu kufika shambani. Masikio siyaulizi, maana ulinikataza. Uliposema simu haikufai tena, kwamba sauti huisikii na maandishi ya ujumbe unayaona kama siafu, niliona umenipa adhabu ya kuandika kwa mkono. Siku hizi naingoja Jumatano.

Darasa langu la chekechea, PP2, lina watoto thelathini na wanne sasa. Kile kikapu ulichonifundisha nilipokuwa kwako Chwele kwa mazoezi ya ualimu, nimekianzisha. Kila Ijumaa kila mtoto anaandika analotaka, vile anavyolisikia, na hakuna anayesahihishwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Eliakim, hapendi. Anataka watoto wakariri hadithi ya Kiingereza siku ya wazazi, tarehe ishirini na tano. Anasema mzazi halipi karo aje kuona mtoto ameandika "nyuba".

Lakini ungeona. Ian ameandika NYUBA YETU INA MLAGO. Kuna mwingine ameandika GOBE AMEZAA, nikajua ni ng'ombe kwa sababu alichora pembe.

Nataka kukueleza juu ya Nelima. Ana miaka sita, na tangu Januari sidhani amesema maneno kumi darasani. Asubuhi analala juu ya meza, nguo zinanuka moshi, ikifika saa nne anachangamka kidogo. Huwa namsimamisha nyuma ya darasa ili usingizi umtoke. Basi Ijumaa iliyopita, kwa mara ya kwanza, alitia karatasi kikapuni. Aliandika MIMI NAFUGIWA NA KUKU.

Mwalimu, nilicheka hadi machozi. Ati anafugwa na kuku, badala ya kuku kufugwa na wao. Niliisoma kwenye chumba cha walimu, wote wakacheka. Shangazi yake, Sellah, alipokuja kumchukua, nikamsomea pia hapo langoni. Yeye ndiye anayemlea. Baba ya mtoto alifariki na mama yuko Uarabuni kwa kazi za nyumbani. Sellah hajui kusoma lakini ni mama wa heshima, mwenyekiti wa wazazi wa darasa langu, na ndiye anayetuletea mayai jikoni. Alitazama ile karatasi kwa muda, kisha akacheka. Akasema, "Hao kuku ni shida, mwalimu. Mtoto anawapenda kuliko watu."

Tangu siku hiyo Nelima hajaandika kitu tena, lakini naamini kalamu imeshafunguka. Nilitaka ujue kikapu chako kinafanya kazi.

Wako,
Kabura


Chwele,
Alhamisi, 10 Julai 2025

Kabura mwanangu,

Mbogo anapakia vitunguu, nami naandika hapa kibarazani kwa haraka. Nimesoma barua yako mara tatu. Ile ya kwanza nilicheka kama wewe. Ya tatu sikucheka.

Chukua karatasi za kikapu uziweke mezani. Ian aliandika NYUBA, wewe ukasoma nyumba. Akaandika MLAGO, ukasoma mlango. Yule mwingine akaandika GOBE, ukamrudishia sauti zote zilizomtoroka. Mtoto wa miaka sita hasikii ile sauti ya puani inayotangulia g na b. Anaimeza na kuiacha. Nilikufundisha hivyo ukiwa umekaa kwenye benchi langu, na ukaandika daftarini.

Watoto wote uliwarudishia n zao isipokuwa mmoja, kwa sababu sentensi yake ilichekesha.

Irudishe sasa, halafu usome tena. Mimi nafungiwa na kuku.

Huenda nakosea. Huenda mtoto alifungiwa siku moja kwa bahati mbaya, akakumbuka. Lakini huyu ni mtoto asiyesema, na siku ya kwanza aliyotaka kusema alichagua neno hilo. Kisha wewe ukalichukua ukamsomea mtu mwenye ufunguo.

Usimwulize mbele ya wenzake. Usimwulize shangazi lolote tena. Uniambie: anakaa wapi akitoka shule saa saba? Nani yuko nyumbani? Chumba cha kuku kikoje? Na huo usingizi wa asubuhi unaoisha saa nne, pamoja na moshi, unaniogopesha kuliko ile karatasi. Mtoto mvivu ni mvivu hata saa tano.

Ningemtuma mtu akupigie simu, lakini sitaki jambo hili lipite kinywa cha mtu mwingine kabla hujalitazama mwenyewe. Jibu upesi.

Dinah


Kitale,
Jumapili, 13 Julai 2025

Mwalimu Dinah,

Barua yako nimeipata jana jioni. Mbogo gari lilimharibikia njiani.

Nakuheshimu, na unajua. Lakini umekaa Chwele na umesoma maneno manne ya mtoto usiyemjua, ukamhukumu mtu nisiyemwona na kosa. Sellah huamka saa kumi na moja kwenda kuchambua mahindi ya mbegu, anakuja kumtoa Nelima shuleni, anarudi tena kazini mpaka jioni. Jumapili anaimba kwaya. Watoto wengi hapa wanakuja na viatu vilivyopasuka. Nelima viatu vyake vinang'aa. Unataka niende nimwambie nini? Kwamba mwalimu wangu wa zamani ameona n ambayo haipo?

Tena mke wa Bwana Eliakim ni binamu ya Sellah. Mimi kandarasi yangu ni ya mwaka mmoja. Wewe ulikuwa na kazi ya kudumu, hukuwahi kuulizwa kila muhula kama utabaki.

Ulichouliza nitakujibu. Wanakaa upande wa Kipsongo, nyumba ya vyumba viwili. Sijaingia. Shuleni wanasema mchana huwa anakaa na jirani.

Alhamisi na Ijumaa Nelima hakuja. Sellah alituma ujumbe kwamba ni malaria. Kipindi hiki cha baridi watoto wanaugua sana, si yeye tu.

Akija kesho nitamtazama kwa makini. Sina la kuongeza.

Kabura


Chwele,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kabura,

Mbogo anasema gari lake halijaharibika tangu Machi, na kwamba barua alikupa mkononi Alhamisi jioni. Sikuulizi ulikaa nayo siku hizo zote kwa nini. Najua mtu hukaa na barua kwa nini.

Nitakueleza jambo nisilolizungumza. Mwaka wa tisini na nne nilikuwa nafundisha Malakisi, chekechea ya kanisa. Watu wa huko walikuwa wakilima tumbaku, na kila boma lilikuwa na banda la kuikaushia, lenye moto ambao haupaswi kuzima. Nilikuwa na mtoto anaitwa Nasike. Alikuwa akilala darasani, asubuhi analia kichwa, ikifika mapumziko anacheza kama wengine. Siku moja aliandika kwenye daftari: NALALA BADANI.

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikamtilia n, nikaandika "bandani" vizuri pembeni, nikampa saba kwa kumi, nikamwambia arudie mara tano. Akarudia mara tano, Kabura. Nalala bandani, nalala bandani. Nami nilikuwa natazama mwandiko.

Walimkuta asubuhi moja karibu na moto aliokuwa ameachiwa kuuchochea. Hakuungua hata unywele. Makaa yaliyofungiwa ndani hayahitaji kukuunguza, hewa yake inakulaza tu. Alizikwa Jumamosi, mimi sikwenda. Nilisema naumwa.

Kwa hiyo usiniambie juu ya kwaya na viatu. Baba ya Nasike pia alikuwa mtu mwema. Watu wema ndio wengi wanaofunga milango.

Mtazame huyo mtoto leo hii. Uliza kama kuna moto.

Dinah


Kitale,
Jumatano, 16 Julai 2025

Mwalimu,

Mbogo hakuchelewa. Mbogo alinipa barua Alhamisi, nikaisoma jikoni nimesimama, nikaikunja nikaiweka chini ya kopo la sukari. Nilijua uko sawa hata kabla sijafika mwisho. Niliogopa kwa sababu ni mimi niliyemsomea Sellah. Hilo tu.

Nelima alikuja jana, Jumanne. Macho mekundu, hatembei vizuri. Wengine walipotoka kucheza nilimbakisha tupange vizibo vya kuhesabia. Sikumwuliza kitu. Nilichukua kibao nikaandika maneno mawili, moja chini ya jingine: NAFUGIWA, NAFUNGIWA. Nikayasoma polepole, kidole chini ya kila silabi. Nikamwambia, "Mwalimu alisoma vibaya ile siku. Gani ni yako?"

Alitazama mlango. Kisha akaweka kidole kwenye la pili, kwenye ile N yenyewe, akakibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Nikauliza, "Unafungiwa na nani?"

"Na kuku."

"Nani anafunga?"

"Shangazi. Na kufuri." Akasema kwa sauti ndogo lakini alisema yote, kama mtu aliyekuwa anangoja foleni. "Akienda kazi anafunga. Usiku tunalala mimi na vifaranga, kwa sababu vinaskia baridi. Jiko iko hapo kwa vifaranga. Shangazi amesema nisifungue dirisha, vitakufa."

"Kichwa kinauma?"

"Inauma halafu inaacha nikikuja shule."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Eliakim. Nilimweleza yote, pamoja na jiko. Akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu Kabura, hii shule ni ya kusoma na kuandika. Mambo ya nyumba za watu tuwaachie wenyewe."

Nikamwambia, "Mtoto ameandika. Mimi nimesoma. Ndiyo kazi uliyonipa."

"Zimebaki siku kumi tukaribishe wazazi. Ukitoka kwa lango hili saa za kazi kwenda kwa nyumba ya mzazi kumtafutia makosa, usirudi. Sitaongea mara mbili."

Nilipata namba ya afisa wa watoto. Mwanamke mpole, alinisikiliza hadi mwisho, lakini yuko peke yake na leo yuko upande wa mlima kwa kesi nyingine. Amesema atakuja Ijumaa asubuhi twende pamoja, na kwamba nikienda peke yangu naweza kuharibu, mtoto akahamishwa tusimpate.

Nilimpigia Sellah jana usiku, nikasema tu kwamba jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari. Akasema, "Asante mwalimu, nitaangalia." Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Leo Nelima hakuja shule.

Ijumaa si mbali. Niambie Ijumaa si mbali.

Kabura


Chwele,
Alhamisi, 17 Julai 2025, saa tano asubuhi

Kabura,

Ijumaa ni mbali. Usimngoje mtu. Acha darasa, acha kazi, nenda sasa. Nimempa Mbogo karatasi hii na kumwambia asipakie kitu, aondoke hivyo hivyo mtupu. Nimemtuma pia kijana wa dukani akupigie. Simu yako inaita tu.

Dinah


Chwele,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kabura mwanangu,

Mbogo amekuja leo bila barua. Anasema Alhamisi alifika shuleni saa nane, bawabu akamwambia hupo tena. Alikwenda kwako akakuta mlango umefungwa. Ijumaa vile vile, Jumapili vile vile. Watu wa soko wamemwambia jambo, naye amenieleza, lakini anaongea upesi na ana ndevu, siwezi kusoma midomo yake vizuri. Neno hospitali nimeliona mara mbili. Neno la baada yake sikuliona. Nilimpa kalamu aandike, akaniambia ataniandikia vibaya, afadhali wewe mwenyewe.

Nimekaa hapa tangu saa tatu. Andika neno moja tu. Hai, au la.

Dinah


Kitale,
Jumanne, 22 Julai 2025

Mwalimu,

Hai.

Nimeliweka juu ili usitafute.

Alhamisi asubuhi niliita majina, nikafika kwa Nelima, nikaona tena nafasi yake tupu. Sijui kitu gani kilinipata. Nilimwachia Mary Ann wa PP1 watoto wangu juu ya wake, nikatoka langoni mbele ya macho ya bawabu. Kimeli wa bodaboda alinibeba mpaka Kipsongo. Simu niliisahau mezani.

Nyumba ya Sellah ina milango miwili. Wa mbele ulikuwa wazi, hakuna mtu. Wa pembeni ulikuwa na kufuli. Niliita, "Nelima." Kuku ndio walioitika. Jirani mmoja, Chemutai, alikuwa anachoma mahindi pale nje. Akasema, "Mtoto ako ndani. Nimemskia akikohoa asubuhi. Sasa amenyamaza." Alisema hivyo akigeuza hindi.

Dirisha lilikuwa limepigiliwa bati. Kimeli alitoa spana ya gurudumu akang'oa kishikio cha kufuli pamoja na misumari. Mlango haukufunguka wote, kulikuwa na kitu kimeuzuia. Ulikuwa ni mwili wake. Alikuwa amelala sakafuni kifudifudi, mdomo ameuweka kwenye ule upenyo wa chini ya mlango. Daktari anasema hicho ndicho kilichomwacha hai. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, limezungushiwa maboksi, na vifaranga vingi vilikuwa vimekufa, vimelala vizuri kama vimepangwa.

Kimeli aliendesha, nami nilimshika Nelima katikati yetu. Kichwa chake kilikuwa kinagonga kifua changu kila shimo. Nilikuwa namsomea a e i o u sikioni. Sina maelezo mengine, ndicho kilichonijia.

Walimtia hewa ya mtungi siku mbili. Ijumaa alasiri alifungua macho akaomba uji. Sikutoka pale hadi jana.

Sellah alifika hospitalini Alhamisi jioni na vumbi la mahindi kwenye nywele. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia maneno mabaya. Alikaa kwenye benchi, mbali kidogo.

Akasema, "Mwalimu, mimi nilifunga kwa sababu ya watu. Huyu ni msichana. Mwaka jana kuna mtoto wa plot yetu, hapo kwa majirani, alifanyiwa kitu mchana, mama yake yuko kazi. Nikasema wangu hataguswa. Kufuli nilinunua kubwa kabisa."

"Na jiko?"

"Vifaranga vinakufa na baridi. Hata mimi nililala na jiko nikiwa mtoto. Sikujua linaua. Uliponipigia nikafikiri unatafuta njia ya kuninyang'anya mtoto. Ndio nikamficha nyumbani."

Kisha akasema hili, Mwalimu, na ndilo ninalolala nalo: "Ile siku uliponisomea karatasi langoni, mimi nilielewa. Mtoto wangu nikimsikia namwelewa. Nilijua amesema anafungiwa. Nikangoja uniulize. Wewe ukacheka. Nikacheka pia, nikasema basi, kama mwalimu ameona ni sawa, ni sawa."

Mama ya Nelima amepigiwa, amepata ruhusa ya kurudi. Afisa wa watoto alikuja Ijumaa kama alivyoahidi. Sellah ameandikisha maelezo polisi, yuko nje kwa sasa. Mimi nimefukuzwa kwa kuacha darasa.

Lakini leo Bwana Eliakim ameniita. Kuna maswali yanaulizwa, na wazazi wamesikia. Afisa anataka maelezo yangu kwa maandishi. Bwana Eliakim anasema nikiandika kwamba shule haikujua lolote kabla ya Alhamisi, na kwamba ile karatasi ya mtoto sikuwahi kuiona, nitarudi darasani Jumatatu, kwa kandarasi ya miaka miwili. Karatasi ninayo. Iko hapa mbele yangu. Amesema karatasi za watoto hupotea kila siku.

Watoto wangu thelathini na watatu waliobaki wamekaa na Mary Ann, wanakariri Kiingereza wasichokielewa. Nikiandika ukweli siwarudii. Nikiandika uongo, nawarudia Jumatatu. Niambie.

Kabura


Chwele,
Alhamisi, 24 Julai 2025

Kabura mwanangu,

Nililia, nikamshukuru Mungu, nikampa Mbogo chai na yeye pia akalia kidogo, na ndevu zake.

Sitakuambia la kufanya. Nitakuambia sehemu niliyokuficha.

Baada ya mazishi ya Nasike, walikuja watu wawili kutoka ofisi ya elimu. Wakaniuliza kama mtoto aliwahi kumwambia mwalimu wake lolote. Daftari lake lilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wangu, hatua moja. Nilisema hapana. Walipoondoka nililichukua, nikalitia motoni chini ya sufuria ya uji wa watoto.

Nilibaki na kazi yangu miaka ishirini na mitatu zaidi. Nilifundisha watoto wengi kusoma, na wengine ni walimu kama wewe. Siwezi kusema miaka hiyo ilikuwa ya bure. Lakini baba ya Nasike alikufa akiamini mtoto wake hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyemfanya aamini hivyo. Na kwenye boma la jirani waliendelea kuwalaza watoto bandani, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa nini Nasike alikufa.

Sasa unajua unayemwandikia. Ukiacha kuniandikia nitaelewa.

Dinah


Kitale,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Sijaacha. Nilihitaji siku chache, na nyingine zilichukuliwa na kuandika.

Maelezo yangu yalikuwa kurasa sita. Niliyaanza mara nyingi. Kila mara nilianza na Sellah na kufuli, kisha nachana. Mwishowe nilianza na mimi: kwamba siku ya Ijumaa, tarehe nne Julai, mtoto alinipa karatasi yenye maneno manne, nikaisoma vibaya, nikacheka, nikamsomea aliyemfungia. Kwamba nilionywa tarehe kumi nikakaa kimya siku tano. Kwamba tarehe kumi na tano nilimweleza mkurugenzi ofisini mwake, na alivyonijibu. Niliandika pia habari ya mtoto aliyedhuriwa kwenye plot ya Sellah, kwa sababu hakuna mwingine angeiandika. Ile karatasi nikaibandika ukurasa wa mwisho.

Afisa aliyasoma yote mbele yangu. Akauliza, "Una uhakika unataka hii sehemu ya kwanza?" Nikasema ndiyo.

Bwana Eliakim amenitumia barua ya kuniachisha rasmi, na siku ya wazazi ilifanyika bila mimi. Mary Ann anasema Ian alipopewa nafasi ya kukariri alisimama, akasahau Kiingereza chote, akasema, "Naweza andika tu." Wazazi wakapiga makofi. Sijui kama ni huruma.

Kesi ya Sellah itasikizwa Septemba. Mama ya Nelima, anaitwa Nasambu, alifika Jumatano. Nilitarajia amrukie wifi yake. Walikaa kwenye kitanda cha mtoto pande mbili, kila mmoja ameshika mguu mmoja, hawakusemezana saa nzima. Kisha Nasambu akauliza, "Ulikula leo?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowasikia wakiambiana.

Nasambu anamhamishia mtoto kwao Bungoma, kwa nyanya yake. Afisa amekubali. Daktari anasema bado atakuwa anasahau vitu vidogo kwa muda, na mikono inatetemeka, lakini anaona na kutembea. Jana nilikwenda kuwaaga. Walikuwa wanapakia godoro kwenye gari la mjomba wao. Sikujua niseme nini, nikamsaidia kufunga kamba za viatu. Alinitazama nikifunga, kwa uangalifu, kama anavyotazama ubao.

Mama yake akamwambia, "Mshukuru mwalimu."

Nelima hakushukuru. Akaniuliza, "Ticha, sasa unajua kusoma?"

Nasambu alitaka kumkemea, nikamzuia. Nikamwambia ninajifunza. Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaingia garini, akaomba akae upande wa dirisha. Mama yake akamfungulia kioo.

Wako,
Kabura